Nimekesha na Oscar saa ya daku, na paka wa Latvia kanilipa usingizi wangu wote

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda asimalize bando lake hapa: onyesho la tuzo za Oscar, zile tuzo kubwa za filamu za Marekani, la mwaka huu 2025, lile la 97, nalipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima nitasema imeenda wapi. Nimechelewa kuandika kwa sababu Ramadhani ilikuwa ndo imeanza, ikaja Idi, baada ya Idi harusi zikafululiza na mimi kazi yangu ni kuediti video za harusi hapa Tanga, kwahiyo wiki nzima unaweza kukuta niko na bibi harusi kwenye skrini mpaka namuota. Ila onyesho lile halijanitoka kichwani na kila nikikaa kwenye laptopu nalikumbuka, sa bora niandike.

Kule Los Angeles ilikuwa Jumapili tarehe 2 Machi saa kumi jioni, na kwetu ikawa Jumatatu saa tisa usiku, yani saa ileile ya daku. Miaka mingine kuangalia Oscar kwa huku Afrika Mashariki ni kujitesa peke yako gizani na blanketi, mwaka huu nyumba nzima ilikuwa macho, sufuria zinagongana jikoni, wali wa jana unapashwa, na mimi nimeshakaa mbele ya TV na kikombe cha uji. Mama hapendi kabisa TV iwashwe saa ile, anasema ule ni wakati wa dua, na kwa kweli ana haki, nilimbembeleza sana mpaka akakubali kwa masharti mawili: sauti iwe ndogo, na adhana ya alfajiri ikilia kitu kizimwe bila kuambiwa mara mbili. Nikasema sawa mama. Kwahiyo haya ninayoyaandika nimeyaona nusu kwenye TV kwa sauti ya chini, na nusu baada ya kuswali, kwenye simu.

Wamefungua vizuri. Los Angeles ilikuwa imetoka kuungua moto mkubwa wa mwezi Januari, watu wamepoteza nyumba, kwahiyo wakaanza na vipande vya filamu zilizopigwa kwenye mji ule, halafu Ariana Grande na Cynthia Erivo, wale wa filamu ya Wicked, wakaimba, na pale Cynthia alipopandisha sauti mwishoni mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani huyo. Mshereheshaji alikuwa Conan O'Brien, mara yake ya kwanza kwenye Oscar, mtu mzima mrefu, mchangamfu, hana papara, hamdhalilishi mtu ili watu wacheke. Akasalimia watazamaji wa nje kwa Kihispania, Kihindi na Kichina. Kiswahili hakikuwemo na niseme ukweli kilinigusa, maana lugha yetu ina watu wengi sana na saa ile tulikuwa macho kuliko hao wote. Nilichokipenda zaidi kwake ni pale alipowapandisha stejini askari wa zimamoto wa mji ule, ukumbi mzima ukasimama, wale ndo walistahili kusimamiwa kabla ya staa yeyote.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Tuzo ya pili tu ya usiku ilikuwa filamu bora ndefu ya katuni. Waliokuja kuitangaza ni waigizaji Goldie Hawn na Andrew Garfield, na kabla hawajafungua bahasha Andrew akamwambia Goldie jinsi filamu zake zilivyompa furaha mama yake mzazi ambaye ni marehemu. Mama yangu Kiingereza chake ni kidogo, nikamtafsiria, akanyamaza, akakaa kwenye mkono wa kochi. Ndo hapo nikajua masharti ya TV yamelegea kidogo.

Moyo wangu kwenye hiyo tuzo ulikuwa umegawanyika. Upande mmoja kuna The Wild Robot, ambayo sauti ya lile roboti Roz ni ya Lupita Nyong'o, dada yetu wa Kenya aliyeshachukua Oscar yake mwaka 2014, na mtu yeyote wa huku lazima amtakie Lupita heri. Kulikuwa na Inside Out 2 ya studio ya Pixar, mzigo uliogharimu kama dola milioni 200. Na upande mwingine kuna Flow, filamu kutoka Latvia, nchi ya Ulaya yenye watu hawafiki milioni mbili, aliyeiongoza ni kijana anaitwa Gints Zilbalodis. Inahusu paka aliyekutwa na mafuriko akajikuta ndani ya mashua moja na mbwa, lemuri, yule mnyama wa Amerika ya Kusini anayeitwa kapibara, na ndege mmoja wa miguu mirefu ambaye ukimuangalia vizuri ni karani tamba, ndege wa mbugani kwetu. Filamu nzima haina neno hata moja. Hakuna anayeongea. Paka analia kama paka, mbwa anabweka kama mbwa, basi.

Bahasha ikafunguliwa, Flow.

Jamani nilipiga ukelele mpaka mdogo wangu akadhani nimeungua na uji. Mama ananiuliza kuna nini, namwambia mama filamu ya yule paka imeshinda, akauliza kwani huyo paka anasema nini, nikamwambia hasemi kitu mama, akaangalia kile kipande walichoonyesha, paka amesimama kwenye mashua maji yamejaa kila mahali, akasema "maskini, kapotezana na wenziwe". Sauti ya TV iko chini kabisa na mama kaelewa. Sijawahi kuona hoja nzuri kuliko hiyo ya kutetea sinema isiyo na maneno.

Kwanini nilipiga kelele: ile filamu imetengenezwa kwa Blender. Kwa wasiojua, Blender ni programu ya kompyuta ya kutengeneza katuni na vitu vya tatu-dii, na ni bure kabisa, hununui leseni, hulipii kwa mwezi, hutafuti kraki yenye virusi kwa mafundi wa mtaani. Ndo hiyohiyo iliyoko kwenye laptopu yangu, niliyoishusha kwa bando la usiku nikawa naitumia kutengeneza majina ya maharusi yanayozunguka na maua. Bajeti yao ilikuwa kama euro milioni tatu na nusu, ambayo kwetu ni hela nyingi sana sikatai, lakini iweke pembeni ya hizo milioni 200 za wenzao uone. Na huyu Gints filamu yake ndefu ya kabla ya hiyo aliitengeneza peke yake, mwenyewe katuni, mwenyewe muziki, mwenyewe kuediti. Hiyo ndo ikawa Oscar ya kwanza kwa nchi yao. Stejini alimshukuru mama yake, baba yake, na paka na mbwa wake, akasema wote tuko kwenye mashua moja, akashuka. Dakika haikufika mbili. Mimi kwa zile dakika tu nimeshalipwa usingizi wangu, hata wangezima matangazo pale nisingedai kitu.

Nikaendelea kuangalia sasa kwa jicho lingine, jicho la fundi. Na hapa ndo nawasifu sana waandaaji wa mwaka huu. Kwenye tuzo ya mavazi na ile ya wapiga picha walileta waigizaji watano, kila mmoja kutoka filamu iliyoteuliwa, anasimama anamuangalia fundi wake usoni anamwambia kazi yako ilinisaidia hivi na hivi. Wale watu miaka yote wanatajwa haraka haraka kama majina ya wachangiaji wa harusi, leo mshona nguo anaangaliwa machoni na staa aliyemvalisha! Akashinda Paul Tazewell, mavazi ya Wicked, akasema yeye ndo mwanaume wa kwanza mweusi kupata tuzo hiyo, ukumbi ukasimama. Mpaka onyesho la 97. Mwanamke wa kwanza mweusi kwenye hiyohiyo alikuwa Ruth Carter, mwaka 2019, kwa Black Panther. Natamani utaratibu huu wa watano waurudishe na kwenye sauti na kwenye kuediti, maana mtu wa sauti akifanya kazi vizuri hakuna anayemjua, akikosea siku moja tu kila mtu anamjua.

Halafu kuna wale Wairani wawili, mke na mume, Shirin Sohani na Hossein Molayemi, washindi wa katuni fupi. Viza zao zilichelewa mpaka mwisho, wakawa wamefika Los Angeles saa chache tu kabla ya sherehe, ukiwaona pale juu ni watu waliotoka uwanja wa ndege moja kwa moja, wanatoa shukrani zao, mikono haijatulia. Sisi tunaojua kupanga foleni ya viza na bahasha ya makaratasi, benki stetimenti ya miezi sita na barua ya mwajiri, tunaelewa ile hali haihitaji kutafsiriwa. Nusu saa zaidi ya foleni na wangekosa usiku wa maisha yao.

Tulikuwa tunakaribia alfajiri, tende zimeshapita, ndo ikaja filamu ya hali halisi, ikashinda No Other Land. Ni kazi ya Wapalestina wawili na Waisraeli wawili pamoja, Basel Adra, Hamdan Ballal, Yuval Abraham na Rachel Szor, kuhusu vijiji vya Masafer Yatta kule Ukingo wa Magharibi vinavyobomolewa nyumba moja baada ya nyingine. Mpaka siku ile ya tuzo filamu haikuwa na msambazaji Marekani, yani ilishinda kwenye nchi ambayo hakuna kampuni iliyokubali kuichukua. Basel alisema amekuwa baba miezi miwili iliyopita, na anaomba binti yake asije kuishi maisha anayoishi yeye. Nikamtafsiria mama. Hakusema kitu, aliinua mikono tu. Haikupita muda adhana ikalia, nikazima TV bila kuambiwa, nikaenda kutawadha.

Nilichokikosa nimekimalizia kwenye simu baada ya swala, na hapa nitoe taarifa kwa wanaotaka kuangalia mwakani: kwa simu jiandae, ni karibu masaa manne, bando linaliwa vibaya na mtandao wangu uliganda mara tatu, moja kati ya hizo ni sekunde kabla ya jina kutajwa. Kama una jirani mwenye king'amuzi chenye kifurushi kikubwa na mnasikilizana, nenda kwake na kitafunio.

Nyota niliyoinyima sasa. Muda. Sheria ya Oscar ni mshindi apewe sekunde 45, zikipita muziki unaanza kumsukuma ashuke. Sheria nzuri kwenye karatasi, ila inawabana wadogo. Mtu wa filamu fupi ambaye pengine hatapanda pale tena maishani anaongea kama anakimbizwa, halafu Adrien Brody anachukua tuzo yake ya pili ya muigizaji bora, anaongea dakika 5 na sekunde 40, muziki ukaanza akauambia unyamaze ameshawahi kufanya hivi, na ukanyamaza. Hiyo ndo hotuba ndefu kuliko zote kwenye historia ya Oscar. Ni muigizaji mkubwa na alichosema kuhusu chuki na vita kilikuwa cha maana, sina ugomvi naye, ugomvi wangu ni na meza ya matangazo: kama dakika tano zipo, zigaweni. Wapeni wale Wairani mbili.

Na muda mwingine umeliwa na ile heshima ya filamu za jasusi James Bond, muziki mrefu, wacheza shoo, waimbaji watatu mmoja baada ya mwingine, wakati mwaka huohuo nyimbo tano zilizoteuliwa kwa wimbo bora hazikuimbwa stejini. Sikuelewa mpaka leo. Umemteua mtunzi, umemualika, kavaa, kakaa kwenye kiti, halafu wimbo wake hausikiki ila nyimbo za Bond za miaka hiyo ndo zinapigwa? Kwenye kumbukumbu ya marehemu sina neno, muigizaji Morgan Freeman alimzungumzia muigizaji mwenzie marehemu Gene Hackman kwa sauti yake ileile ya taratibu na kwaya ikaimba, ilikuwa na adabu ya msiba.

Filamu bora ya kimataifa ilichukuliwa na Brazil, I'm Still Here ya Walter Salles, Oscar ya kwanza ya nchi yao, na imeangukia Jumapili ya Kanivali, kwahiyo watu walikuwa tayari barabarani na ngoma, ikawa shangwe juu ya shangwe. Mimi hii kategori ndo huwa naiangalia kwa uchungu, kwa sababu huu ndo mlango wetu. Kwa sheria za 2025 kila nchi inapeleka filamu moja tu kwa mwaka, inachaguliwa na kamati ya nchi yenyewe, maongezi zaidi ya nusu yawe si ya Kiingereza, na iwe imeonyeshwa kwenye ukumbi wa sinema wa kulipia kwa siku saba mfululizo. Kiswahili hapo kinaruhusiwa kabisa, tena ndo kinatakiwa. Mwaka huu nchi 85 zilikubaliwa, Kenya walipeleka Nawi, habari ya binti wa Turkana anayekataa kuozwa na anataka shule, haikuingia kwenye zile 15 za mchujo lakini walipeleka, na Kenya wameanza kupeleka tangu Nairobi Half Life ya mwaka 2012, wamefanya ndo mazoea. Sisi Tanzania tulipeleka Maangamizi mwaka 2001, tukakaa zaidi ya miaka 20, tukapeleka Vuta N'Kuvute mwaka 2022, ile ya Amil Shivji kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, Kiswahili kitamu cha Unguja. Mara mbili. Latvia wenye watu wachache kuliko Dar es Salaam hawakungoja miaka 20. Naomba wahusika wanisikie, siombi tushinde kesho, naomba tupeleke kila mwaka, hata ikitolewa raundi ya kwanza kijana mmoja hapa Tanga atajua kwamba mlango hauko kwenye nchi za watu tu.

Washindi wakubwa nipite haraka. Filamu ya Anora ilibeba tuzo tano ikiwemo filamu bora, na nne kati ya hizo zilienda mkononi kwa mtu mmoja, Sean Baker, aliyeandika, akaongoza, akaediti na kuwa mmoja wa maprodyuza. Hajawahi mtu kupata nne usiku mmoja kwa filamu moja. Filamu yenyewe imegharimu dola milioni 6, na huyu ndo yuleyule ambaye mwaka 2015 alitoa filamu nzima aliyoipiga kwa simu, iPhone 5s. Ukishajua hivo, kisingizio cha kamera kinaisha. Akachukua tuzo ya kuediti akasema jinsi alivyoiokoa filamu kwenye meza ya kuediti, nikacheka peke yangu, kila aliyewahi kuokoa harusi iliyopigwa na kamera iliyotikisika anajua anachosema. Baadae akawaomba watu waendelee kwenda kwenye kumbi za sinema, akasema kwao tu wakati wa korona walipoteza skrini karibu elfu moja. Ila nionye, Anora si ya kukaa na wazazi, na si ya kufungulia sebuleni. Flow ndo ya sebuleni, wekea watoto, wekea bibi, wekea hata asiyejua kusoma yale maandishi ya chini kwa sababu hayapo.

Washatangaza na ya mwakani, ukumbi uleule wa Dolby Theatre, tarehe 15 Machi 2026, Conan tena, na kuna tuzo mpya inaanza ya watu wanaochagua waigizaji, tena kuanzia hiyo ya 2026 wapiga kura wanatakiwa wawe wameangalia filamu zote za kategori kabla ya kura ya mwisho, jambo ambalo nilidhani lilikuwepo siku zote. Nimepiga hesabu na kalenda ya ukutani, kwetu itaangukia usiku wa kumi la mwisho la Ramadhani. Mama nimemuambia mwenyewe kabla hajaniambia: usiku ule TV itabaki imezimwa. Mdogo wangu wa Dar ana king'amuzi kinachorekodi, nimeshamuomba anirekodie yote, asiniambie kashinda nani, na nitaiangalia siku ya pili ya Idi, sauti juu.